Kifungu cha Masikio

Asubuhi ile, katika chumba cha nyumba ya wageni pale Dodoma, Shangazi Mwamvita alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anajipaka mafuta miguuni. Na yeye ni mtu ambaye mikono yake ikishika kazi, mdomo nao haukai bure. Akaanza kuimba:

"Mwali toka nje, jua lakungoja…"

Nyuma yake, mbele ya kioo, Wakili Tunu Mwinyimvua alikuwa anapigana na zipu ya gauni. Akaitikia bila hata kufikiri, kwa sauti yote, kama alivyozoea kuitikia tangu utoto wake kule Maneromango:

"Lakungoja, lakungoja, toka tukuone!"

Shangazi akanyamaza. Mkono ukabaki juu ya goti na mafuta yake. Nje jogoo wa jirani akawika, na shangazi akageuza kichwa kidogo kumsikiliza jogoo. Akasubiri tena. Kisha akashusha pumzi ndefu.

"Hata wewe," alisema.

"Hata mimi nini, shangazi?"

"Hata wewe huniitikii."

Tunu alifungua mdomo amwambie, shangazi we, nimeitikia mpaka wa chumba cha pili wamesikia! Lakini macho yake yalikuwa yameshatua juu ya kile kifaa kidogo cha kumsaidia kusikia nyuma ya sikio la shangazi, kisikio kipya, chenye taa yake ya kijani inayowaka kikiwa kizima. Alielewa yote mara moja, na akatamani asingeelewa, angalau mpaka jioni.

"Nilikuwa na pini mdomoni," alisema. "Nisamehe."

Uongo ulimtoka mwepesi hivyo, na shangazi akaupokea kwa moyo mweupe.

"Haya, wewe una sababu," alisema akifuta mikono kwenye khanga. "Wale wenzangu hawana pini. Tangu mfungo ulipoisha nimewatoa wali watatu, na mara zote tatu wamenikalia kimya. Watoto wanalia nawasikia. Kuku nawasikia. Mtu anakohoa namsikia. Itikio, hakuna! Mtu mzima nimesimama pale kama nguzo. Ikabidi nikae chini, kungwi mwenzangu Zena akashika nafasi yangu. Sasa nikitoka hapa Dodoma naacha. Wamenichoka, Tunu. Si lazima mtu aambiwe."

Lazima mjue kukaa chini kwa kungwi ni nini, maana mtu wa mjini atadhani ni kupumzika tu. Kwao Maneromango, mwali akitolewa nje, kungwi humtazama yeye usoni na kuwapa wanawake wote mgongo. Haruhusiwi kugeuka. Itikio linatoka nyuma, na likitoka ndipo yeye anaendelea na ubeti unaofuata. Lisipotoka, maana yake wanawake wamemkataa: ana fitina, au ana deni la maneno, au wakati wake umepita. Basi hukaa chini, akajifunika khanga kichwani, na mwingine akapokea. Hakuna anayeeleza sababu, na aliyekataliwa haulizi. Wanawake huzeeka na kufa bila kuonja aibu hiyo. Shangazi Mwamvita alikuwa ameionja mara tatu, na aliyempa ni huyu anayemlipia chumba.

*

Ilianza na uhuni, na uhuni haukuwa wa Tunu. Hilo nalo lisemwe.

Mashine zilipojifunza kuimba, zilijifunza kwa kula. Zilimeza kila video ya harusi, kila kanda, kila kijana aliyejirekodi bafuni. Kampuni moja kubwa, jina lake Mlio, ikautapika wimbo wa mwali katika tangazo la uji wa watoto, ukachezwa bara zima kwa sauti ya mwanamke asiyekuwepo. Tunu alipokwenda kuwashitaki, wakamjibu kwa upole kabisa: mwenye wimbo ni nani? Rejista ya hakimiliki ilikubali mwenye kazi mmoja, mwenye jina moja na kidole kimoja cha kubonyeza. Ukisema wimbo ni wa kina mama wa Maneromango wote, waliopo na waliokwisha kuzikwa, mfumo unakurudisha mwanzo. Basi Tunu akabonyeza kidole chake. Alimwambia shangazi, "Nauweka salama." Shangazi akamwambia, "Weka, mwanangu."

Kisha kulikuwa na Lango. Hiki ni kipande cha mfumo kilichowekwa katika kila simu, kila redio, kila spika ya baa. Kinasikiliza muziki unaoingia, kinaulinganisha na Rejista, na kama hauna muhuri wa ruhusa, kinauondoa na kuacha ukimya mahali pake. Kinachuja kwa makini sana: kinaondoa wimbo peke yake, mlio wa pikipiki na maneno ya watu vinabaki. Wasanii walishangilia. Kwa mwaka mmoja walikula.

Lakini sheria iliacha nje vifaa vya hospitali, na visikio ni vifaa vya hospitali. Loo! Ghafla nusu ya vijana wa Dar es Salaam wakawa viziwi. Walinunua visikio, wakajazia humo nyimbo za wizi, na Lango likabaki linalinda mlango ambao hapiti mtu. Kuziba uchochoro huo kulihitaji kifungu kipya, na magazeti yakakiita kifungu cha masikio: Lango liwekwe ndani ya visikio vyote, bila kubagua. Ndicho Tunu alichokuja kukitetea mbele ya kamati ya Bunge.

Kabla ya kutunga sheria walifanya majaribio. Walitafutwa watu wenye uziwi wa kweli, wakapewa visikio vipya bure vyenye Lango ndani. Kisikio cha zamani cha shangazi kilikuwa kimekufa. Tunu akamwombea nafasi, akafurahi mno, akasema, shangazi hasikilizi nyimbo za wizi, litamkatia nini? Alifikiria wimbo unaotoka kwenye kitu. Haikumpita akilini kwamba wimbo unaweza kutoka kwa jirani. Kisikio hakijui tofauti ya sauti ya Zena na sauti ya mashine, kwa sababu siku hizi hakuna anayeijua. Na sauti yake mwenyewe shangazi aliisikia mifupani, ndani ya fuvu, kama tunavyojisikia sote tukiziba masikio. Kwa hiyo alijua anaimba. Kilichokatwa ni waliomjibu.

Tunu angeweza kuufungulia wimbo, ndiyo. Ni kubonyeza tu. Ila Lango haliruhusu mtu, linaruhusu kazi. Ukiufungua, umeufungulia dunia nzima na Mlio wakiwa mstari wa mbele, na haufungiki tena. Kesi nzima ingeanguka, na kesi ile ndiyo iliyowafanya wabunge wakubali hata kukaa kitako na kusikiliza.

Alimaliza kufunga zipu. Akamwambia shangazi, "Twende, watatungoja." Na njia nzima hakuthubutu kuitazama ile taa ya kijani.

*

Chambuso aliwapokea langoni pa Bunge, amevaa koti la zamani lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Zamani zile, akitoa sauti moja tu jukwaani, wanawake walitupa vilemba. Mashine ikaichukua sauti ile ikauzia sabuni, bima na wagombea udiwani. Sasa akiimba mahali, watoto wanamcheka: mzee, mbona unaiga tangazo?

"Dada wakili," alisema, "nimewaleta kina mama wa kikundi chetu cha ngoma, watakaa nyuma. Shikamoo, mama," akamwinamia shangazi. "Leo ndiyo leo."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Nanenepa wiki ijayo, kifungu kikipita." Akacheka, kisha akamvuta Tunu pembeni, na kicheko hakikufika huko. "Mke wangu ameniuliza jana, kisipopita utafanya kazi gani? Nikakosa la kumwambia. Umri huu nikabebe zege? Usitutupe, Tunu."

"Siwatupi."

"Mbona uso umekupauka?"

"Njaa," alisema Tunu. Uongo wa pili huo, na saa nne haijafika.

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya zulia jipya. Mwenyekiti, Mheshimiwa Nasieku Mollel, alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu aliyependa watu wamalize sentensi zao. Kulia kwake alikaa Mheshimiwa Kaijage, mbishi wa kuzaliwa, ambaye kabla ya ubunge alikuwa mwalimu wa fizikia na bado aliuliza maswali kama anasahihisha mtihani. Safu ya nyuma kabisa, peke yake, alikaa kijana nadhifu mwenye mkoba: wakili wa Mlio. Alimsalimia Tunu kwa kichwa. Alikuwa na adabu yule kijana, na hilo lilimuudhi Tunu zaidi kuliko kama angekuwa jeuri.

Tunu akaapishwa, akazungumza. Na jamani, alizungumza! Alieleza wimbo wa mwali ulivyogeuzwa uji. Alimsimamisha Chambuso, akamwomba aimbe mstari mmoja, kisha akawachezea tangazo la sabuni, na wabunge wakatazamana. Alisema sheria inayolinda mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi ni mapambo. Alisema mtu akiibiwa sauti ameibiwa kitu ambacho hawezi kukinunua tena dukani. Kila neno lilikuwa kweli, na alilisema akijisikia kama mtu anayetoa hotuba ya harusi huku amemficha maiti chini ya meza.

"Nina swali dogo," alisema Kaijage. "Katika majaribio haya ya visikio, yuko mtu aliyepata madhara?"

"Mheshimiwa, chama cha wasanii hakijapokea lalamiko hata moja."

"Sikuuliza malalamiko. Nimeuliza madhara."

Shangazi alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale, mikono juu ya mapaja, anamtazama mtoto wa kaka yake kwa fahari ambayo haikujificha. Alikuwa anasikia kila neno. Maneno ya watu Lango halikati.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Tunu. "Hakuna."

Kaijage akaandika. Chambuso akapumua kwa nguvu kiasi cha kusikika.

Pangeishia pale, pengine Tunu angejifunza kuishi nalo, watu wanaishi na makubwa kuliko hayo. Lakini Mwenyekiti alivua miwani, akatabasamu. "Wakili, umetueleza sana huu wimbo. Na mwenyewe bibi yuko hapa. Kamati haiwezi kuusikia?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shangazi yangu amechoka na safari…"

"Nani kachoka?" Shangazi alikuwa ameshasimama, anajifunga khanga kiunoni. "Nimelala kama gogo mimi! Njoo hapa Tunu. Siwezi kuimbia kiti, lazima niwe na mwali."

Akamshika mkono, akamsimamisha katikati ya chumba, wakatazamana uso kwa uso. Kina mama wa kikundi kule nyuma wakanyanyuka wenyewe, hawakuhitaji kuambiwa. Shangazi akawapa mgongo kama inavyotakiwa. Karibu sana na sikio la Tunu alinong'ona, "Hawa hawanijui. Hawana sababu ya kunikataa." Kisha akaimba.

"Mwali toka nje, jua lakungoja…"

"Lakungoja, lakungoja, toka tukuone!" Kina mama walilitoa itikio kwa nguvu mpaka glasi za maji zikalia. Mwenyekiti akashika kifua. Hata Kaijage aliacha kalamu.

Na shangazi akasubiri.

Tunu alikuwa mbele yake, hakuna pa kutazama ila ule uso. Aliuona ukisikiliza. Aliyaona macho yakienda kushoto, mtu kasogeza kiti, yakaenda kulia, mtu kakohoa, yakarudi kwake. Yalikuwa yanamuuliza yeye mwali: vipi? Shangazi akaurudia mstari, safari hii kwa sauti inayotetemeka kidogo. Kina mama wakaitikia tena, kwa uchungu zaidi, wakidhani ndivyo wimbo unavyokwenda. Wabunge nao wakadhani ndivyo. Ule ukimya wa katikati ukawagusa, na mbunge mmoja alikuwa anafuta macho.

Midomo ya shangazi ikacheza bila sauti. Akakubali kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na akaona hana uwezo. Akakunja magoti, akakaa chini juu ya zulia la Bunge, akavuta khanga akajifunika kichwa.

Chumba kizima kikapiga makofi. Na makofi, jamani, aliyasikia. Makofi si kazi ya mtu, hayamo katika Rejista. Tunu aliyaona mabega ya shangazi yakishtuka chini ya khanga kila kofi lilipozidi. Alijua hasa shangazi anaelewa nini: kwamba watu wa serikali wameshuhudia akikataliwa, na wamefurahi.

"Tunapumzika kwa chai," alisema Mwenyekiti. "Tukirudi tunapiga kura juu ya kifungu."

*

Ukumbini nje kina mama wa kikundi walimzunguka shangazi. Mmoja, mnene, mchangamfu, akamkumbatia bila kuomba.

"Bibi, umetutoa machozi! Tumekuitikia mpaka koo linauma!"

Shangazi akajitoa katika mikono yake. "Mmefanya nini?"

"Tumekuitikia. Hukusikia?"

"Mmeniitikia lini?"

"Bibi naye! Mara zote mbili. Chumba kimetikisika."

Walicheka, wakidhani anawatania. Shangazi hakucheka. Aligusa kisikio nyuma ya sikio lake kwa kidole kimoja. Alikuwa mjane asiyesoma magazeti, lakini alikuwa amekaa asubuhi nzima akimsikia Tunu akieleza Lango ni nini na linafanyaje kazi, na Tunu alieleza vizuri sana. Akageuka kumtafuta.

"Tunu. Zena na wenzake waliniitikia?"

"Ndiyo, shangazi. Bila shaka waliitikia."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote."

"Na mimi nikakaa chini, nikawaacha na mwali katikati ya uwanja." Alisema taratibu, anapanga. "Zena alikuja kwangu kuniuliza naumwa nini. Sikumfungulia mlango. Nilimwambia kwa dirishani asikanyage kwangu mpaka nife." Akamkazia Tunu macho. "Wewe ulijua?"

"Tangu leo asubuhi."

"Pini mdomoni."

"Shangazi, nisikilize. Ningekwambia leo usiku. Kura ikishapita ningetafuta namna…"

"Umeapa mle ndani kwamba hakuna aliyeumia. Nimekusikia. Nikasema moyoni, mwanangu anajua kusema."

Aibu ilimpanda Tunu mpaka masikioni, akahisi joto lake. Chambuso alikuwa amefika na vikombe viwili vya chai, akasimama navyo, anamtazama huyu na huyu.

"Huu wimbo," alisema shangazi, "kwa sheria yenu, ni wa nani?"

"Ni wangu. Kwa sheria."

"Kwa hiyo kuusikia nahitaji ruhusa yako."

"Si hivyo, shangazi…"

"Ndivyo ulivyosema. Mwenye wimbo ndiye mkubwa." Na pale pale, mbele ya kina mama wa kikundi, mbele ya makarani waliokuwa wanapita na sambusa, mwanamke aliyemfundisha Tunu kukaa, kusimama na kusalimia alikunja magoti kidogo, akainamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo," alisema.

Hakuwa na kejeli. Ingekuwa kejeli Tunu angeivumilia. Alikuwa anatii tu. Kina mama wakashika midomo. Mmoja akasema "Astaghfirullah" chini chini. Salamu ile inataka jibu, na jibu lake ni neno moja, na wote walisimama pale wakingoja kama Tunu atalitoa. Mdomo wake ulikataa. Akamshika shangazi mabega amnyanyue, na shangazi akanyanyuka, lakini hakuondoa macho sakafuni, kama mtoto mbele ya mgeni.

Tunu akageuka, akaenda kwenye mlango wa chumba cha kamati.

Chambuso alimuwahi. Chai ilikuwa imemwagikia mikono na hakuwa na habari nayo. "Unakwenda kufanya nini?"

"Unajua."

"Atafunguliwa kisikio! Kesho, keshokutwa, tutamwombea wenyewe, mimi mwenyewe nitapiga magoti. Kifungu kipite kwanza. Tunu, mtu mmoja!"

"Wako wangapi walioingia katika majaribio wakaacha kwenda harusini? Wakaacha kwenda kanisani? Nani angelalamika? Mtu halalamiki kwamba watu wamemnyamazia. Anajifungia ndani tu."

"Na mimi?" alisema Chambuso. Sauti ile, ambayo nchi nzima iliijua kwa sabuni, ilipasuka katikati. "Mimi ukiingia humo nimekwisha. Nitazame usoni uniambie."

Alimtazama. Hakupata njia ya kusema ambayo ingemwacha mzima.

"Umekwisha," alisema. "Na mimi ndiye nimekumaliza. Nisamehe, kaka."

Akapita.

*

Wabunge walikuwa wanarudi vitini, wengine bado wanatafuna. Kijana wa Mlio alikuwa pale pale alipokuwa.

"Wakili, umesahau kitu?" aliuliza Mwenyekiti.

"Naomba kulirudia swali la Mheshimiwa Kaijage. Nilidanganya. Yuko mtu aliyedhurika. Ni yule mama aliyewaimbia. Ule ukimya mlioulilia haumo katika wimbo. Alikuwa anangoja itikio ambalo kisikio chake kimelikata, na mimi ndiye nilimpa kisikio, na nilijua kabla sijaingia humu asubuhi. Alikaa chini kwa sababu alidhani mmemkataa. Mkampigia makofi."

Mbunge aliyekuwa amefuta macho aliweka sambusa yake juu ya karatasi, akaisukuma mbali.

"Hicho kifungu hakipigiwi kura leo," alisema Mwenyekiti mwishowe, kwa upole wa kutisha. "Na majaribio yanasimama. Wewe na kiapo chako tutazungumza baadaye."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mimi bado sijaelewa," alisema Kaijage. "Wimbo umeandikishwa kwa jina lako. Maana yake shangazi yako anakatiwa mali yako. Naomba iingie katika kumbukumbu rasmi, maana tusipoelewa hili hatutaandika sheria yoyote ya maana. Huu wimbo ni wako?"

Hapo Tunu aliona vizuri kilichokuwa mbele yake. Angeweza kusema ndiyo, na kesi dhidi ya Mlio ikaendelea kupumua, na kina mama wa Maneromango wakabaki na mlinzi, japo mlinzi mwenyewe ni huyu. Akisema hapana, kwa kiapo, wimbo unabaki bila mwenyewe, na usio na mwenyewe ni wa kila mwenye mashine. Mlangoni, Chambuso alikuwa amesimama na vikombe vyake. Nyuma yake shangazi, kichwa bado chini.

"Sikilizeni," alisema Tunu. "Si wangu. Haujawahi kuwa wangu. Rejista ilitaka jina moja, nikaipa langu."

"Ni wa nani, basi?"

"Wa wanaoitikia."

"Hilo sina pa kuliandika," alisema karani kwa sauti ndogo, na hakuwa anabisha, alikuwa anaomba msaada.

Kijana wa Mlio hakusubiri karani apate pa kuandika. Alifunga mkoba, akainama kwa Mwenyekiti, akatoka huku simu imeshafika sikioni. Mlangoni akakutana na Chambuso. Akaishusha simu, akampisha kwa adabu zote.

"Pole, mzee," alimwambia, na ilionekana wazi kwamba alimaanisha.